SOMO LA MWISHO WA MUHULA: JE, NI ZIWA LINALOUA?

Likizo inakaribia. Wengi wetu tutarudi kwa wazazi: wengine Mboko, wengine Baraka, wengine mpaka Ubwari na Kazimia. Kuna watakaopanda kamyo, na kuna watakaoshuka Kalundu kutafuta mtumbwi wa moteri. Kwa hiyo tumeona vema tuchunguze pamoja: watu wetu wanawaza nini juu ya safari ya ziwani?

1. Wanaoogopa. Hapa Kilibula, mama akisikia mtoto anataka kupita majini atasema: «Mwanangu, panda gari, maji haina fasi ya kushikilia.» Hana kosa. Ziwa Tanganika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kilindi chake kinapita mita 1400. Lakini barabara nayo inakatwa na mvua, na kamyo inapinduka. Tena wengi wa Ubwari, wasipopanda mtumbwi watapita wapi? Na ndagala na mawese ya sokoni, mengi yamekuja kwa maji.

2. Waliozoea. Hao wanasema: «Babu zetu walivuka kwa kasia, sisi tuko na moteri.» Anayevaa jile ya kuokolea anachekwa. Ukiwauliza juu ya hatari wanajibu: «Siku ikifika, imefika.» Mtume Paulo hakuwaza hivyo. Katika Matendo 27 alionya kwamba wakati ule si wa kusafiri, lakini mkubwa wa askari alisikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Meli ikavunjika.

3. Ziwa linavyofanya. Wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini na kufuata urefu wa ziwa. Mawimbi yanapata njia ndefu ya kukua, hata yanatufikia huku kaskazini yakiwa makubwa. Mtumbwi wenye mzigo wa kiasi unapanda juu ya wimbi. Ukijazwa kupita kiasi, ubavu unakaribia maji na wimbi linaingia. Magunia yakipangwa juu sana, au watu wakikimbilia upande mmoja, unapinduka hata kama moteri ni mpya.

4. Yaliyotokea. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa letu, upande wa Katanga. Watu zaidi ya 120 walikufa. Wakubwa walitaja mzigo kupita kiasi na upepo mkali. Mwezi wa Oktoba 2024, katika ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na kufika Goma. Vita ilikuwa imefunga barabara, watu wakajazana majini. Walikufa kwa makumi, na ng'ambo ilikuwa inaonekana.

5. Sisi wenyewe. Likizo moja tulipanda mtumbwi ambao ubavu wake ulibaki juu ya maji kipimo cha mkono tu. Sote tuliona. Hakuna aliyesema, kwa sababu tulikwisha kulipa, na tuliogopa kuitwa waoga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliomba ashushwe na magunia yake ya muhogo. Tulimcheka. Kupita Makobola mawimbi yalianza kuingia. Tulichota maji kwa sufuria, tukatupa mizigo ya watu, na wenye mizigo walilia. Tulifika usiku, mikono mitupu. Mama yule alifika kesho yake, na magunia yake yote.

Funzo. Mwoga anasema ziwa ni baya. Aliyezoea anasema ni siku imefika. Wote wawili wanamsahau mtu aliyepakia, na sisi tuliokubali kupanda. Safari ya maji si mbaya. Kunyamaza ndiko kubaya.

Maswali ya kuzungumza darasani:
a) Kabla ya kupanda, tuangalie mambo gani matatu?
b) Kama umekwisha kulipa, utasema nini ili ushuke?
c) Mwenzako akishuka, wewe utamcheka?