Somo kwa Makatibu: Ujumbe wa Maandishi kwa Redio ya Ridhaa

Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Katika msiba wa namna hiyo minara ya simu yaweza kunyamaza, na wanachama walioko kisiwani Bumbire wakakosa njia ya kuiarifu Bukoba.

Redio ya ridhaa haihitaji mnara. Kompyuta huyageuza maandishi kuwa milio, redio ikairusha, na kompyuta ya upande wa pili ikaisoma, hata milio hafifu isiyosikika kwa sikio. Kwenye megahezi 7, waya wa antena ukitandazwa karibu na ardhi, mawimbi hupanda juu na kurudi chini, hivyo vilima vya Muleba si kizuizi. Betri ya gari yatosha.

Mwendo, lakini, ni wa pole: kwa programu ya JS8Call, maneno kama 16 kwa dakika. Katibu aandike mahali, saa, idadi ya majeruhi na msaada unaohitajiwa. Salamu zisubiri.

Mwendeshaji sharti awe na leseni ya TCRA. Haruhusiwi kuficha maana ya ujumbe, wala kuendesha biashara. Bei ya kahawa haipitishwi humo, hata simu zikikatika wiki nzima.