Seli Inavyotawala Wanga na Mafuta: Mifano kutoka Meru na Embu

Mgonjwa anapoambiwa katika zahanati ya Runyenjes, Nkubu au Maua kwamba ana ugonjwa wa sukari, mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kuondoa sukari katika chai. Sahani ya mukimo hubaki vile ilivyokuwa. Nduma za asubuhi hubaki, na ndizi za kuchemsha hubaki pia, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya vyakula hivyo kiitwacho sukari. Mgonjwa huyo hakulikaidi agizo. Amelifuata kwa mujibu wa lugha aliyoelezwa. Jina la ugonjwa ndilo lililompotosha. Hata istilahi “kisukari”, inayopendelewa Tanzania, haiuondoi mkanganyiko huu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi seli inavyopokea, inavyohifadhi na inavyounguza wanga na mafuta, na kuonyesha kwamba jina hilo linaficha nusu nzima ya habari, yaani nusu inayohusu mafuta. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa biolojia kwa Kiingereza, kisha akirudi nyumbani Meru au Embu hutarajiwa amfafanulie mzazi wake maneno ya daktari. Hapo ndipo Kiswahili chake kinapopimwa.

Istilahi

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayofanyika ndani ya kiumbe hai ili kupata nishati na kujenga mwili. Kabohaidreti ni jina la kundi zima lenye sukari, wanga na nyuzinyuzi. Wanga wenyewe ni molekuli nyingi za glukosi zilizoungana mithili ya shanga katika uzi. (Msomaji wa fasihi atakumbuka kwamba wanga vilevile ni wingi wa mwanga, yaani mchawi, muktadha hutosha kuwatenganisha.)

Neno “mafuta” lina taabu kubwa zaidi. Kuna mafuta ya taa, ya kupikia, ya kujipaka na yale yaliyomo mwilini. “Shahamu” lingefaa kwa maana hii ya mwisho, lakini watu wengi wa bara hawalitumii. Kwa hiyo, katika makala haya “mafuta” ni molekuli ya gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, iwe imo katika chakula au katika seli.

Baada ya mlo

Ndizi ya Meru ni mwalimu mzuri wa somo hili. Inapokatwa mgombani ikiwa mbichi, nyama yake imejaa wanga. Ikiachwa iive, vimeng’enya vyake vyenyewe huzikata zile shanga, na wanga karibu wote ukageuka sukari. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mate na utumbo mwembamba wa mlaji. Anayekula ndizi mbichi ya kuchemsha na anayekula ndizi mbivu wote wawili huishia kuwa na glukosi katika damu. Kinachotofautiana hasa ni kasi. Kwa sababu hiyohiyo mukimo, ambao viazi na mahindi yake yamepondwa, humeng’enywa kwa wepesi kuliko githeri, ambayo punje na maharagwe yake huingia tumboni yakiwa na maganda.

Sasa, damu yote ya mtu mzima mwenye afya hubeba takriban gramu 5 tu za glukosi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sahani moja ya mukimo ina makumi ya gramu za wanga. Mbona basi damu ya mlaji haiwi kama maji ya miwa?

Jibu linaanzia katika kongosho. Humo mna seli ziitwazo seli beta, ambazo hupima glukosi kwa kuitumia. Glukosi ikizidi katika damu, huzidi pia ndani ya seli hizo. Huunguzwa na kutoa ATP, ile molekuli inayobeba nishati katika kila seli. ATP ikiongezeka, milango ya potasiamu katika utando wa seli hufungwa, kalisi huingia, na seli humwaga insulini katika damu. Hakuna mjumbe kutoka kwenye ubongo anayehitajika ili jambo hili litendeke.

Insulini haiingizi glukosi kwenye seli kwa mkono wake. Hujishikiza kwenye kipokezi kilicho juu ya utando, na kipokezi hicho huamsha mfululizo wa protini ndani ya seli. Katika seli za misuli na za mafuta, matokeo yake ni kwamba protini za kupitishia glukosi, ambazo zilikuwa zimewekwa ndani kama milango iliyoegemezwa ukutani, hupelekwa kwenye utando na kupachikwa. Ini halihitaji hatua hiyo, kwani milango yake ipo wazi siku zote. Lenyewe huamriwa na insulini ligeuze glukosi kuwa glaikojeni, ambayo ni wanga wa wanyama.

Ghala hili la glaikojeni ni dogo. Ini la mtu mzima huhifadhi gramu 100 hivi, na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hivi. Aidha, kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji, na hutoa kilokalori 4 tu, ilhali gramu moja ya mafuta hutoa 9 na haihitaji maji. Mtu mwenye kilo 10 za mafuta mwilini ana akiba ya kilokalori 90,000. Lau angelazimika kuiweka akiba hiyo kwa njia ya glaikojeni, angebeba kilo 90, maji yakiwemo. Kwa hakika asingeweza kupanda hata kilima cha kwenda shambani.

Mpagazi wa Sirimon

Tumchukue mpagazi anayebeba mizigo ya wageni kutoka lango la Sirimon, upande wa Meru, kuelekea kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Alikunywa uji alfajiri, na sasa jua limepita utosini. Glukosi katika damu yake imeanza kupungua, insulini imeshuka, na kongosho hiyohiyo, kwa kutumia seli alfa, inatoa glukagoni. Ini linaisikia amri hiyo na kuanza kuikata glaikojeni ili kuirudishia damu glukosi.

Misuli nayo ina glaikojeni nyingi kuliko ini, lakini haikopeshi mtu. Haina kile kimeng’enya cha mwisho kinachoiachilia glukosi itoke nje ya seli. Ilichohifadhi hukitumia yenyewe. Kwa hiyo wenye kuhitaji glukosi kwa lazima hulitegemea ini. Mmoja wao ni ubongo, unaotumia takriban gramu 120 kwa siku. Mwingine ni chembe nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria na hivyo haziwezi kabisa kuunguza mafuta. Ili wasipungukiwe, lazima misuli ya mpagazi iache kushindania glukosi na igeukie mafuta. Swali ni hili: seli ya msuli hujuaje kwamba wakati wa kugeuka umefika?

Molekuli moja yenye kazi mbili

Mafuta huunguzwa ndani ya mitokondria. Asidi za mafuta zilizo ndefu haziwezi kuupenya utando wa mitokondria zenyewe. Huvushwa na kimeng’enya kiitwacho CPT1 kwa msaada wa kanitini. Hapo ndipo penye lango.

Seli inaposhiba, glukosi iliyozidi hugeuzwa kuwa asetili-koenzimu A, kisha kimeng’enya ACC huigeuza hiyo kuwa malonili-koenzimu A. Katika ini na seli za mafuta, malonili-koenzimu A ndiyo tofali la kujengea asidi mpya za mafuta. Mnamo 1977 watafiti McGarry na Foster, huko Marekani, walionyesha kwamba molekuli hiyohiyo huifunga CPT1. Maana yake ni kubwa. Ishara inayosema “jenga mafuta” ndiyo inayosema “usiunguze mafuta”. Seli haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja na kupoteza nishati bure, kama mwashi anayejenga ukuta huku mwenziwe akiubomoa upande wa pili. Seli ya msuli haijengi mafuta kwa kiasi cha maana, lakini nayo hutengeneza malonili-koenzimu A kwa ajili ya ile kazi ya pili peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba, kwa binadamu, mafuta mengi yanayohifadhiwa hutokana na mafuta yaliyoliwa. Wanga mwingi hunenepesha zaidi kwa kuzuia mafuta ya mlo yasiunguzwe kuliko kwa kugeuka mafuta wenyewe. Sahani ya viazi vya kukaanga ni mfano unaojitosheleza: wanga wake hulifunga lango, na mafuta yake huwekwa akiba.

Turudi kwa mpagazi. Kila hatua anayopanda hutumia ATP, na ATP ikitumika sana, AMP huongezeka katika seli. Ongezeko hilo huamsha kimeng’enya AMPK, ambacho huipachika ACC kikundi cha fosfeti na kuizima. Malonili-koenzimu A hupungua, CPT1 hufunguka, na mafuta huingia tanuruni. AMPK pia husaidia kuipeleka ile milango ya glukosi kwenye utando bila ya insulini. Jambo hili si dogo kwa mgonjwa wa kisukari: mchuma chai wa Mungania au Kionyo anayezunguka siku nzima na kikapu mgongoni hupitisha glukosi katika misuli yake kwa njia ambayo ugonjwa haukuiziba.

Upo utawala mwingine wa polepole, unaofanyika katika kiini cha seli, ambamo jeni za vimeng’enya hivi huongezwa au hupunguzwa kazi kwa muda wa saa na siku. Huo unastahili makala yake.

Miraa na muguka

Haiwezekani kuandika juu ya umetaboli kwa mifano ya Igembe na Mbeere bila kutaja miraa na muguka. Jani bichi la mmea huu lina katinoni, kemikali inayosababisha miisho ya neva imwage noradrenalini. Mwili hupata habari kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio, hamu ya chakula huondoka, na seli za mafuta huachilia asidi za mafuta katika damu. Katinoni huharibika jani linaponyauka, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya migomba na kusafirishwa kwa haraka inayowatisha watumiaji wengine wa barabara ya Meru hadi Nairobi.

Baadhi ya walaji hudai kwamba kwa kuwa haisikiki njaa, basi sukari ya mwili imetengemaa. Hoja hiyo haina mashiko. Njaa imenyamazishwa kwenye ubongo. Seli zinaendelea kutumia akiba. Aidha, uchungu wa jani huwafanya wengi walitafune pamoja na soda, peremende au chai yenye sukari nyingi. Mtu amekesha bila kula, na bado kongosho yake imefanya kazi usiku kucha.

Pale amri isiposikika

Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, lakini misuli, ini na seli za mafuta haziisikii ipasavyo. Mafuta yaliyorundikana ndani ya ini na misuli, mahali pasipo pake, huvuruga ule mfululizo wa protini unaoanzia kwenye kipokezi. Ini, ambalo lilipaswa kunyamaza baada ya mlo, huendelea kumwaga glukosi katika damu ambayo tayari imejaa. Kumwambia mgonjwa huyu “usile sukari” ni kumpa sehemu ndogo ya ukweli. Anapaswa kuelezwa kwamba wanga wa mukimo ni sukari iliyofungwa, kwamba ukubwa wa sahani una maana, kwamba maharagwe na mboga huipunguza kasi, na kwamba mafuta aliyoyahifadhi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Maelezo hayo yote yanawezekana kwa Kiswahili chepesi.

Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana, hulifanya jambo hili liwe la dharura. Kinga ya mwili huziangamiza seli beta, na insulini hutoweka. Damu imejaa glukosi, lakini seli zinaishi kana kwamba kuna njaa kuu. Seli za mafuta huachilia asidi zake bila kizuizi. Malonili-koenzimu A ya ini hushuka. Lango la CPT1 hubaki wazi kabisa. Ini huunguza mafuta kupita uwezo wake na kutoa ketoni, ambazo huifanya damu kuwa na asidi. Mtoto hukonda, hukojoa mara kwa mara, hushikwa na kiu, hutapika, hupumua kwa nguvu, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Mzazi aliyefundishwa kwamba ugonjwa wa sukari huwapata wazee wanene hudhani ni malaria au ni tumbo. Mtoto wa namna hii anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya 1922 hata hospitali isingemfaa sana, kwani tiba iliyokuwepo ilikuwa kumnyima chakula ili achelewe kufa. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa dondoo la kongosho lililotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Halikumsaidia sana. Mwanakemia James Collip akalisafisha zaidi, na tarehe 23 Januari mvulana akadungwa tena. Safari hii sukari katika damu yake ilishuka, na ketoni zikatoweka katika mkojo.