Dondoo muhimu: Kabla hujapakia faili kwenye Power BI

Power BI hupokea Excel, CSV, JSON, XML, Parquet, hata PDF yenye majedwali. PDF iwe chaguo la mwisho. Jedwali likivuka ukurasa, utahangaika kuliunganisha.

Kwa leseni ya Pro, modeli moja isizidi GB 1. Data hubanwa inapoingia, hivyo CSV kubwa kuliko hapo huenda ikatosha. Ikigoma, ondoa kwanza safu wima usizozitumia. Ile ya tarehe na saa hadi sekunde hula nafasi kuliko unavyodhani.

Angalia pia faili ilikotoka. Excel ya .xls huishia mistari 65,536, ya .xlsx 1,048,576. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu visa 16,000 vya Uviko-19 viliachwa nje ya takwimu kwa sababu ya ukomo huo wa .xls. Hesabu mistari kabla na baada ya kupakia.

Na tafadhali, usifungue CSV kwenye Excel “kuichungulia tu” kisha ukaihifadhi: namba ya simu inayoanza na 0712 itapoteza sifuri na kuanza na 712. Hata Power BI hufanya hivyo yenyewe isipozuiwa, basi weka safu wima ya namba hizo iwe matini mapema.