Mas'ala ya Ndege wa Kuitia Wenziwe

Imeulizwa: mtu wa Temeke amemfunga hua mguu apate kulia, wenziwe waje watue penye urimbo wa mfenesi. Je, yafaa?

Jawabu: Kuwinda ni halali kwa nassi ya Sura ya Maida, na kila mtego ni hila, wala si hila iliyokatazwa. Shaka iko juu ya yule aliyefungwa. Mtume (S.A.W.) amesimulia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka: alimfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi hua asiyepewa tone la maji tangu alfajiri hata adhuhuri, na jua la Msimbazi ajuaye ajua, hali ya mwenyewe ni ipi? Apewe nafaka, maji na kivuli, na kamba isimkate. Ama kumshona macho ili atulie, Mahanbali wamelikirihisha, kwa kuwa ni adhabu.

Aliyenaswa hai na achinjwe. Aliyekufa urimboni ni mzoga, hata kama bismillahi ilisomwa wakati wa kuupaka.

Na leseni itangulie, kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yaitaka.