Mmea Unajuaje Chini ni Wapi?

Ndugu mkulima, ukipita Kayole, Dandora au Umoja utaona magunia ya udongo yamesimama mbele ya milango. Juu ya gunia pana sukuma wiki, na ubavuni mna matundu, kila tundu na mche wake. Mche wa ubavuni ulipandwa umelala. Lakini utazame baada ya siku chache: shina limepinda, majani yanaelekea juu. Ni nani aliyeuonyesha njia?

Wengi hujibu, "Umefuata jua." Hiyo ni nusu ya kweli. Otesha maharagwe ndani ya kabati lenye giza, na bado shina litakwenda juu na mzizi utakwenda chini. Basi kuna kiongozi mwingine, nao ni uvutano wa dunia, ile nguvu inayoangusha embe kutoka mtini. Katika somo hili tutaona jinsi mmea unavyousikia uvutano huo, na kwa nini jambo hili lamhusu mwenye gunia moja tu la mboga.

JARIBU MWENYEWE

1. Twaa chupa tupu ya jamu. Weka karatasi laini ndani, ikigusa kioo pande zote, kisha uilowanishe.

2. Tia maharagwe manne kati ya karatasi na kioo: moja limesimama, moja limepinduliwa, mawili yamelala.

3. Ifiche chupa gizani. Usiache karatasi ikauke.

4. Mizizi ikitokeza, utaona yote minne imeelekea chini, hata ule wa haragwe lililopinduliwa.

5. Sasa laza chupa ubavu. Kesho yake utaona ncha za mizizi zimepinda tena kuelekea chini.

Waite watoto watazame. Ni somo lisilogharimu hata shilingi moja.

KIPIMO KILICHO NDANI YA NCHA

Mwaka 1806, Thomas Andrew Knight wa Uingereza alifunga mbegu za maharagwe kwenye gurudumu lililozungushwa kwa nguvu ya maji. Gurudumu lilipokwenda mbio, mizizi ilielekea nje na mashina yakaelekea kitovuni. Hapo ikajulikana kwamba mmea hufuata nguvu inayoukandamiza. Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kwamba mahali pa kuitambua nguvu hiyo ni ncha ya mzizi. Mzizi uliokatwa ncha huendelea kurefuka, lakini haujui kugeuka mpaka ncha nyingine iote.

Ndani ya ncha mna nini? Mwili wa mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Katika seli za kofia ya mzizi mna punje za wanga, nazo ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka. Ni kama changarawe ndani ya kibuyu: ukikilaza kibuyu, changarawe huhamia upande ulio chini. Ukiulaza mzizi, punje hushuka kwa dakika chache, na seli hupata habari kwamba chini pamebadilika.

Habari hiyo hupelekwa kwa dawa ya ukuaji ambayo mmea hujitengenezea, iitwayo oksini. Oksini hukusanyika upande wa chini. Katika mzizi, oksini nyingi huzuia ukuaji. Upande wa juu hurefuka zaidi, na mzizi hupinda chini. Katika shina mambo ni kinyume: oksini huharakisha ukuaji, kwa hiyo upande wa chini hurefuka na shina huinuka. Ndivyo mche wa ubavuni mwa gunia unavyosimama.

MAHALI PASIPO NA UZITO

Wataalamu walitaka kujua mmea utafanya nini punje zikikosa mahali pa kutua. Chombo kinachoizunguka dunia huwa kinaanguka daima pamoja na vyote vilivyomo, kwa hiyo ndani yake hakuna uzito. Mwaka 1985, mbegu za kamande za wataalamu wa Ufaransa ziliota ndani ya chombo cha Marekani kiitwacho Challenger. Punje hazikutua kama zinavyotua hapa duniani, na mizizi ilikwenda huku na huku. Miche ilipowekwa katika mashine ya kuzungusha, iliyoleta uzito wa bandia, mizizi ilipinda na kuufuata.

Mwezi wa Agosti 1915 haukuwa na habari kama hizi, lakini Agosti 2015 wanaanga walikula saladi waliyoilima katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mimea yao ilielekezwa kwa taa zilizowekwa juu, na mizizi ilikuwa ndani ya mifuko midogo. Ni kutoka kituo hicho hicho ambapo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani Mei 2018.

FAIDA KWAKO

Kwanza, usihangaike kugeuza kila mbegu ya haragwe au hindi shimoni. Mbegu itajigeuza yenyewe.

Pili, linda ncha ya mzizi. Umwagilie kitalu kabla ya kung'oa, uinue mche pamoja na udongo wake, wala usiuvute kwa shina. Mche uliopoteza ncha zake huchelewa kushika.

Tatu, unapopanda ubavuni mwa gunia, toboa tundu kwa kijiti kwanza, uingize mzizi ukiwa umenyooka na kuinama kidogo kwenda chini. Usiukunje ukaelekea juu. Kwa miche ya miti kosa hili ni baya zaidi, maana mzizi uliokunjwa hubaki na kombo, na mti huweza kuanguka ukiwa mkubwa.

Nne, mahindi machanga ya nyumbani mashambani yakilazwa na upepo, usiyang'oe kwa haraka. Vifundo vya bua huusikia uvutano, na mara nyingi bua huinuka lenyewe. Yaliyokwisha toa mbelewele hayainuki vizuri.

Mzizi unaoshuka sana hufikia unyevu wakati wa kiangazi. Mwaka 2013 wataalamu wa Japani walieleza urithi mmoja wa mpunga unaoifanya mizizi ielekee chini zaidi, na mpunga huo ulistahimili ukame vizuri kuliko wenzake. Basi, ukishika mche mkononi, kumbuka kwamba kiongozi wake yumo katika ncha ile nyembamba. Ukiivunja, umeuacha mche bila kiongozi.