Gundi Imekushika Vidoleni? Acha Kwanza Hiyo Thina!

Tuseme uko karakana ya shule unatengeneza kisu. Chuma kiko tayari, sasa unabandika mpini wa mbao kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili unayoichanganya mwenyewe. Ukibana tu, gundi inachuruzika: kwenye chuma, kwenye mpini, na vidoleni. Rafiki anakuambia, "Paka thina, itatoka sasa hivi!"

Kweli itatoka. Lakini si yote inayokwenda kwenye kitambaa. Thina, petroli na asetoni (ipo pia kwenye dawa nyingi za kufuta rangi ya kucha) huyeyusha gundi mbichi, na pia huondoa mafuta ya asili ya ngozi yako. Ngozi iliyokauka hivyo hupitisha gundi kirahisi. Mwili ukianza kuikataa, utaona vipele, muwasho, hata macho kuvimba. Hali hii ikishaanza kwa kawaida haiishi. Tone dogo tu laweza kuiamsha. Wapo mafundi walioacha kazi wanayoipenda kwa sababu hiyo.

Basi mkononi tumia nini? Futa kwa karatasi kavu, halafu osha kwa sabuni na maji. Ni hayo tu. Glavu ni bora zaidi, ila ikilowa, ibadilishe.

Kwenye chuma ni habari nyingine. Lowesha kitambaa kwa spiriti kidogo, ufute kabla gundi haijaganda. Usimimine, maana itaingia chini ya mpini na kuidhoofisha gundi, halafu kisu kitakuachia mpini mkononi. Ukisubiri hadi kesho, spiriti haifui dafu, ni kukwangua.

Asetoni ina nguvu zaidi, lakini mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tena ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au cheche za anayechomelea, hata kama yuko mbali nawe. Spiriti nayo huwaka. Fanyia kazi hii nje.

Na nani alikuambia uiweke kwenye chupa ya soda? Mdogo wako ataona soda. Akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa hiyo uibebe daktari aione.