Nani Yuko Mbele Yako Majini?

SOMO LA WIKI
Kusoma: Matendo ya Mitume 27, sura yote

Somo hili lilitolewa Jumapili iliyopita na wengi mliomba liandikwe, hasa wazazi ambao watoto wao wameanza kuhesabu siku za safari ya pwani. Vijana wetu wameweka akiba tangu mwaka ulipoanza, wengine kwa kuchuma majani chai kwenye mashamba ya majirani kila Jumamosi, na safari ni Desemba. Kwenye orodha yao ya mambo ya kufanya huko wameandika: kupanda jetski. Mama mmoja akasimama mbele ya kanisa akauliza kama hilo ni jambo la Mkristo kweli.

Swali si baya, lakini mimi naona liko lingine linalotangulia. Watoto wetu wengi hapa Boito hawajui kuogelea. Mto tunaujua wa kuvuka, tena kwa haraka kwa sababu ya baridi. Sasa mtoto kama huyo anaenda kukabidhiwa mashine inayoweza kupita kilomita 80 kwa saa juu ya bahari. Mimi nataka kujua nani atakuwa mbele yake.

Nasema hivyo kwa sababu nimepanda. Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa Unguja, kule Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kumtembelea mtoto wa dada yangu anayefanya kazi ya hoteli. Nilienda na mpwa wangu mwingine, kijana wa miaka 19 ambaye wengi wenu mnamjua kwa sababu anawabeba na boda boda kutoka hapa sokoni. Wao wawili ndio walionilipia, ati mzee naye aone. Ilikuwa safari ya kuongozwa, ya kupita kando ya pwani: mwongozaji mbele, wengine nyuma kwa mstari. Kwa umri wangu nilikaa nyuma ya mwongozaji mwenyewe, nikashika jaketi lake kwa mikono miwili.

Kwa wale ambao hawajaiona, jetski ni kama pikipiki ya majini. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kawasaki ya Japani, iliyoanza kuziuza miaka ya 1970, lakini siku hizi watu huita hivyo mashine za kampuni zote, kama vile sisi tunavyoita kila dawa ya meno kwa jina moja. Unakaa kama kwenye pikipiki, unashika mikono ya usukani kama ya pikipiki, na mafuta unayavuta kwa kidole. Kufanana kunaishia hapo. Chini yake hakuna panga inayozunguka nje kama ya mashua ya injini, wala hakuna ubao wa usukani unaokata maji nyuma. Ndani kuna pampu inayofyonza maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Maji hayo ndiyo yanayoisukuma, na hayo hayo ndiyo yanayoigeuza: ukikata mkono kushoto, ule mdomo wa nyuma unageuka, maji yanatoka kwa upande, na mashine inafuata.

Sasa sikilizeni nyinyi wa boda boda. Ukiachia mafuta, maji hayatoki. Yasipotoka, hata ukate mikono mpaka ikwame, mashine itaendelea moja kwa moja kule ilikokuwa ikielekea. Zipo za siku hizi zilizowekewa aina ya breki na vifaa vya kusaidia kugeuka, ila mtu asiende akitegemea kupewa hiyo. Yakobo alipoandika habari za usukani mdogo na merikebu kubwa hakuwa ameona chombo kama hiki.

Yule mwongozaji hakutuacha tuguse maji kwa karibu nusu saa. Alikuwa kijana wa hapo hapo Nungwi, mahali ambapo bado wanaunda majahazi kwa mkono ufukweni, na mimi aliniamkia shikamoo kila aliponikaribia, jambo ambalo huku kwetu halijazoeleka lakini nilianza kulipenda. Alituweka kwenye mchanga, mashine ikiwa imeegeshwa, akamwita kila mmoja apande hapo hapo pakavu. Alimfunga kila dereva ile kamba ya kiganja, ambayo ukianguka inachomoka na injini inazima, ili mashine isikuache katikati ya bahari ikaenda zake. Akatuambia ukianguka usiogelee kuifuata kwa mbele wala kwa ubavu, panda kwa nyuma, na tena injini ikiwa imezimwa. Ikipinduka, tazama alama nyuma inayoonyesha upande wa kuizungushia. Akatuambia kwa nini hatutawasha kwenye maji ya magoti: pampu itafyonza mchanga na majani ya bahari. Akamwambia mpwa wangu wa kike wazi, mbele yetu, kwa nini anavaa suruali ya kuogelea nzito ya mpira na si nguo nyepesi: anayeangukia nyuma karibu na ule mdomo anaweza kuumizwa ndani ya mwili na nguvu ya maji. Aliyasema kwa heshima na bila kuzunguka. Kina mama, hilo mlikumbuke Desemba.

Halafu akarudia jambo moja mara tatu. Ukiona kitu mbele, usiachie mafuta. Vuta kidogo, kata, pita. Akawafanya warudie kwa vitendo, kidole na mkono pamoja, wakiwa juu ya mchanga kama watoto wa shule ya chekechea. Kijana wetu alikuwa anacheka. Yeye hupita na abiria wawili na gunia kwenye barabara ya udongo wakati wa mvua, atafundishwa kushika usukani?

Kulikuwa na wageni wengine wawili, mume na mke, waliotaka kupelekwa Mnemba. Hicho ni kisiwa kidogo upande wa mashariki, mbele ya Matemwe, na watu hupenda kwenda huko kuona pomboo. Mwongozaji akakataa. Mwezi wa nane ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini mashariki, na upande ule unapokea mawimbi yote ya bahari kuu, wakati upande wa magharibi, Kendwa na kuteremka kuelekea Tumbatu, kisiwa chenyewe kinakinga. Wakaongeza pesa. Akakataa. Wakaongeza tena, na mimi niliona kwa macho yangu kwamba zile hazikuwa pesa kidogo kwake. Akawaambia kwa upole: leo tunaenda Kendwa, au nawarudishia mlizolipa. Wakaondoka na pesa zao.

Hapo ndipo nikaifikiria Matendo 27, na naomba muisome polepole, kwa sababu tumeizoea vibaya. Tukifundisha habari ya kumfuata kiongozi tunasema tu, mtii anayejua. Lakini sura hii inasema nini? Akida Yulio alifanya hivyo hasa. Walikuwa Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri, siku ya kufunga imekwisha pita, yaani majira mabaya ya bahari yameingia. Paulo, mfungwa, fundi wa mahema, akawaonya wasiondoke. Akida akapima maneno yake na ya nahodha na ya mwenye merikebu, akawaamini hao wawili. Mtu yeyote mwenye akili angefanya vivyo hivyo! Nani atamsikiza mshona mahema mbele ya nahodha?

Ila tazameni huyo wa pili. Mwenye merikebu. Ndani kulikuwa na ngano, wanakuja kuitupa baharini mstari wa 38. Chombo kilitoka Aleksandria na kilikuwa kikielekea Italia, na ngano iliyokwama Krete haijauzwa bado. Sitaki kumsingizia mtu ambaye Biblia haikumtaja hata jina, lakini mimi ni mkulima wa chai, najua mtu mwenye mzigo unaongoja anavyozitazama mvua. Halafu soma mstari wa 30. Mambo yalipoharibika, mabaharia wenyewe walishusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga, kumbe wanataka kukimbia. Watu 276 chomboni, na wanaojua bahari ndio wanaotoroka kwanza.

Kwa hiyo ujuzi peke yake hautoshi. Kuna kuuliza: huyu anayeniongoza, nisipokwenda anapoteza nini? Na nikizama anapoteza nini? Kijana wa Nungwi alipoteza pesa kwa kusema hapana, kisha akaingia majini mbele yetu na mimi mzee mgongoni.

Bahari ile si ya mchezo. Kutoka Nungwi ukitazama kaskazini ni mkondo wa kwenda Pemba, na huko ndiko meli ya Spice Islander ilikozama usiku wa Septemba 10, 2011, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Mwongozaji alituonyesha upande huo kwa mkono tu, hakusema mengi. Watu wa pale wana makaburi yao.

Tukaenda basi. Maji ya Kendwa ni ya kijani kibichi, unaona mchanga chini, na niwaambie ukweli, ni kitu kizuri sana, na sioni dhambi ndani yake. Tuliteremka na pwani kwa mwendo wa wastani, mwongozaji akigeuka kila mara kuhesabu. Akinyoosha mkono juu, wote wanapunguza. Nafasi kati ya chombo na chombo ilikuwa kubwa kuliko ninyi mnavyoachiana kwenye lami.

Tukirudi, ngalawa ya mvuvi ikatokea kutoka upande wa jua, ile mitumbwi yenye mabawa ya mbao pande mbili. Sisi tulishapita. Kijana wetu alikuwa nyuma yetu, akaiona akiwa amekaribia, na akafanya kile ambacho mkono wake umefanya kila siku ya kazi yake: akaachia. Niligeuka nikamwona amekata usukani mpaka mwisho na mashine inateleza tu, imenyooka kabisa kwa yule mzee wa ngalawa. Mwongozaji hakupiga kelele nyingi. Alipaza neno moja, “Vuta!” Sijui kama kijana alilisikia. Yeye anasema hakusikia chochote, ila kidole kilikumbuka mchanga. Akavuta, mashine ikakata, ikapita bawa la ngalawa kwa nafasi ambayo sitaki kuikadiria. Mvuvi akatutazama vile sisi tunavyowatazama mbuzi wa jirani walioingia kwenye majani chai, akaendelea na nyavu zake.

Bila ile nusu saa ya mchanga tungekuwa tunaongea habari nyingine hapa. Na ile nusu saa ilikuwa ya bure, haikuwa kwenye bei. Kuna waongozaji wanaoikata ili wapate safari moja zaidi kabla jua halijashuka.

Wengine huenda bila mwongozaji kabisa. Agosti 2023 vijana kadhaa walitoka na jetski Saidia, mji wa pwani wa Moroko ulio karibu na mpaka wa Algeria. Giza likawakuta, wakapotea, mafuta yakawa yanaisha, wakajikuta maji ya Algeria, nchi ambayo mpaka wake na Moroko umefungwa. Walinzi wa pwani wakawafyatulia risasi, wawili wakafa. Walitoka kujifurahisha likizoni.

Naona wazazi wengine mnafikiri mambo ya bahari hayawahusu kwa kuwa mtoto wenu haendi safari. Lakini matokeo ya mtihani yakitoka, hakosi mtu anayefika na karatasi za kazi ya ng'ambo, amevaa vizuri, anajua viwanja vya ndege vyote. Ujuzi anao. Muulize yale mawili. Muulize pia kama atakuwa kwenye ndege hiyo.

Kuhusu Desemba, kamati ya vijana imekubali haya. Pesa za jetski hazitalipwa mtandaoni kabla ya kumwona mwongozaji na vyombo vyake. Atakayepanda atavaa jaketi la kuokolea lililofungwa mbele ya mwalimu wa vijana, si la kushikwa mkononi. Desemba upepo ni wa kaskazi, si wa kusi, kwa hiyo tutauliza wenyeji wa Mombasa upande upi umetulia siku hiyo, na saa ya maji kujaa na kupwa, na tutabaki ndani ya mwamba. Ambaye mwongozaji atasema leo hapana, atapanda ngamia.

Maswali ya vikundi vya nyumbani, Jumatano: Kwa nini Paulo, ambaye onyo lake lilipuuzwa mstari wa 11, hakukaa kimya mstari wa 31? Kama ungekuwa Yulio siku ile Bandari Nzuri, ungetaka kusikia nini kutoka kwa mwenye merikebu kabla ya kumwamini? Na je, ni lini mara ya mwisho mtu anayekuongoza, kanisani, kwenye chama cha akiba au nyumbani, alikuambia hapana kwa hasara yake mwenyewe? Wanaokutana upande wa kiwanda, kumbukeni kikundi kinaanza saa kumi na moja jioni kwa sababu ya zamu.